Jamani, Hii Baiskeli Imewakosea Nini?



Naandika haya kwa sababu nimeambiwa, tena si mara moja, kwamba naiaibisha jumuiya yetu. Wa kwanza kuniambia alikuwa ananitania tu. Wa pili alinivuta pembeni baada ya mkutano, akashusha sauti kama mtu anayemnasihi ndugu yake mlevi: "Kaka, wewe unasoma shahada ya pili ya uhandisi. Wenyeji wanatuangalia. Wakikuona barabarani umelala chali unapiga pedali, si watasema Waafrika hata baiskeli ya kununua imewashinda?" Wa tatu aliniandikia ujumbe wa simu ambao siurudii hapa, maana gazeti hili linasomwa na wakubwa zetu pia.

Sasa nimeona nijibu hadharani, kwa sababu jambo lenyewe ni kubwa kuliko mimi na chuma changu.

Kwa wale mlioko Leeds, Kuala Lumpur na kwingineko ambao hamjaiona, nieleze. Ni baiskeli ya kuegama. Unakaa kwenye kiti chenye mgongo, miguu umeinyoosha mbele, na pedali ziko juu karibu usawa wa kiti chenyewe. Hakuna kile kisiti chembamba kinachokata, wala kuinama kama mtu anayetafuta shilingi iliyoanguka. Na tofauti na baiskeli nyingi za aina hiyo, cheni ya hii haiendi nyuma. Gurudumu la mbele ndilo linalovuta, na hilo hilo ndilo linalokata kona. Pedali, cheni, gia na usukani vimefungwa pamoja na foko la mbele, kwa hiyo ukikata kulia, mtambo mzima unakwenda kulia pamoja na miguu yako. Gurudumu la nyuma linafuata tu, kama behewa.

Niliiunda mwenyewe kutokana na baiskeli mbili mbovu. Moja nilinunua rial 8, nyingine 7. Bomba la chuma rial 3, fundi wa kuchomelea rial 6, cheni na nyaya za breki 3 na nusu, mbao na sponji ya kiti 2 na nusu. Jumla rial 30. Nimetaja hesabu hii kwa makusudi, maana kuna mtu kaeneza habari kwamba nimetumia pesa ya utafiti.

Kazi yenyewe ilikula miezi miwili ya Ijumaa. Baiskeli ya pili niliikata kwa grenda, nikachukua sehemu ya nyuma pamoja na ekseli ya pedali, nikaigeuza itazame mbele na kuifunga kwenye baiskeli ya kwanza. Ukisikia hivyo unaona rahisi, lakini hebu pima. Foko la kawaida la mbele lina nafasi ya milimita 100 kati ya mguu na mguu. Haba ya nyuma ya baiskeli ya milimani, yenye gia zake, inataka milimita 135. Hizo 35 zilininyima usingizi, bwana. Mwishowe foko jipya lilichomelewa kule sanaiya na fundi mmoja kutoka Punjab. Mimi na yeye hatukuwa na lugha ya pamoja zaidi ya Kiarabu cha gereji na mchoro wa kalamu ya risasi nyuma ya boksi la viatu. Aliutazama mchoro, akacheka sana, kisha akaniuliza kitu kimoja tu, yaani nikikanyaga pedali ya kulia kwa nguvu, usukani hautakimbilia upande mmoja? Swali hilo hakuna mhadhiri wangu hata mmoja aliyeniuliza.

Na kweli, unakimbia. Huo ndio ugumu wake. Ukisukuma kwa mguu, mguu unasukuma usukani pia, na mkono lazima uuzuie bila kushindana nao. Wiki ya kwanza nilikuwa nachora nyoka kwenye maegesho ya magari. Wiki ya tatu mwili ukaelewa bila kuniuliza, na sasa mikono yangu inavuta upande ule mguu unaosukuma, kama mtu anayepiga makasia. Ukipanda mlima unahisi kifua kizima kinafanya kazi.

Wapo wanaodhani haya ni mawazo ya mtu aliyepigwa na jua la Oman. Basi wajue kwamba baiskeli ya kuegama ina umri mkubwa kuliko baba zetu. Tarehe 7 Julai 1933, mjini Paris, Mfaransa Francis Faure alipanda baiskeli ya kuegama iliyotengenezwa na Charles Mochet, akaenda kilomita 45.055 kwa saa moja. Rekodi aliyoivunja ilikuwa ya Oscar Egg, kilomita 44.247, iliyodumu tangu 1914. Faure hakuwa bingwa mkubwa, alikuwa mwendeshaji wa daraja la pili. Shirikisho la kimataifa la mbio za baiskeli lilifanya nini? Mwaka 1934 likaandika upya maana ya neno baiskeli, na ile ya Mochet ikatupwa nje. Mochet mwenyewe akafariki mwaka huo huo.

Kwa hiyo ukitazama Tour of Oman, iliyoanza 2010, ukawaona wale vijana wameinama na mgongo umepinda kama upinde, usidhani umbo lile limeshinda mashindano yote ya uhandisi. Limeshinda kwenye kikao. Hata Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi, aliyechukua ushindi wa mbio hizo 2013 na 2014, baiskeli yake ilikuwa ya umbo hilo kwa sababu sheria hairuhusu jingine.

Kuvuta kwa gurudumu la mbele nako kuna wenyewe. Tom Traylor wa Marekani alikuwa akiunda za namna hii miaka ya 1980, Waholanzi wakaja na Flevobike yao inayokunjika katikati, halafu John Tolhurst wa Australia akaanzisha Cruzbike. Sababu yao ni ile ile. Baiskeli ya kuegama inayovutwa nyuma inahitaji cheni ndefu mara mbili na nusu hivi ya kawaida, tena ipitishwe kwenye kapi chini ya kiti. Ukivuta mbele, cheni moja ya dukani inatosha. Kwa fundi wa Shinyanga, ambako nimetoka mimi, tofauti hiyo si ndogo. Kule kwetu baiskeli za abiria zinaitwa daladala, na kijana wa daladala akikatikiwa cheni, siku yake imekwisha.

Faida ya kuegama ni upepo. Nguvu ya kushinda hewa inapanda kwa mchemraba wa mwendo, yaani ukitaka kwenda kasi maradufu, hewa peke yake inakudai nguvu mara nane. Ukiegama, hewa inakuona mdogo. Sitawadanganya kwamba yangu ni roketi, maana ina kilo 21 na kiti chake ni mbao. Lakini njia ile ile ya kutoka Al Khoud hadi ufukweni Seeb, nilipokuwa na baiskeli ya kawaida nilikwenda wastani wa kilomita 20 kwa saa, na sasa naenda 24 bila kuhema zaidi. Mgongo hauumi. Mikono haifi ganzi.

Hasara zake? Zipo, na nazisema mimi kabla hamjazisema ninyi. Jua linakupiga usoni moja kwa moja, kwa hiyo kofia na miwani si urembo. Mgongo unalowa jasho kwenye kiti. Kuanzia Mei mpaka Septemba panda baada ya sala ya alfajiri au usipande kabisa. Nchi hii si ya mchezo. Tarehe 26 Juni 2018 pale Qurayyat, si mbali na Muscat, joto halikushuka chini ya nyuzi 42.6 kwa saa 24, usiku na mchana. Baiskeli haina kiyoyozi.

Hasara kubwa zaidi ni mchanga, na hapa naomba uvumilivu wenu kidogo kwa sababu nataka kupiga hesabu, na hesabu hii ndiyo iliyonifanya niandike.

Chukulia mimi na baiskeli tuna kilo 100, na kwenye tambarare nusu ya uzito iko gurudumu la mbele. Tukianza kupanda mwinuko wa asilimia 10, mfano wa ule wa Jabal Akhdar waliopanda kina Froome, uzito unarudi nyuma kidogo na mbele zinabaki kilo 44 hivi. Ili nisirudi nyuma nahitaji msukumo wa kilo 10. Lami kavu inaweza kushika hadi asilimia 70 ya uzito, yaani kilo 31. Hakuna shida. Lakini lami ya pembeni ya Muscat ina mchanga, na mvua ikinyesha wadi zinamwaga kokoto. Mshiko ukishuka hadi asilimia 30, nina kilo 13 tu. Kumi dhidi ya kumi na tatu, unaweza kusema bado nimo. Tatizo ni kwamba mguu hausukumi sawasawa kama mota. Kila pedali ikiwa katikati, nguvu inapanda karibu maradufu ya wastani. Hapo gurudumu linateleza, fyuu, na wewe unashuka na kusukuma kama mbuzi aliyegoma.

Sasa sikilizeni. Kuna mzee mmoja hapa Al Khoud, Muomani mzaliwa wa Unguja, ambaye Kiswahili chake kinaniaibisha mimi. Mara ya kwanza kuiona baiskeli aliizunguka mara mbili, fimbo mkononi. "Mwanangu, hii umeivunja au umeitengeneza?" Nikamwamkia, nikamwambia nimeitengeneza. Akainama kuangalia cheni, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mbona hii naijua. Pale Darajani kulikuwa na bwana mmoja hana miguu, akizungusha kwa mikono. Cheni yake ilikuwa hapa hapa mbele."

Nilisimama pale kama nimepigwa na shoti. Mzee alisema kweli. Baiskeli zile za magurudumu matatu za ndugu zetu wenye ulemavu, ambazo kila mmoja wetu ameziona tangu utotoni, nyingi zake ndivyo zilivyo. Krenki ya mikono iko juu ya foko la mbele, cheni inashuka kwenye gurudumu la mbele, na krenki hiyo hiyo ndiyo usukani. Unazungusha na kukata kona kwa chombo kimoja. Ni mtambo huu huu wa Traylor na Tolhurst, ila kwa mikono. Nimesoma makala nyingi za kizungu kuhusu baiskeli zinazovutwa mbele, nikadhani naleta kitu kigeni, kumbe kipo sokoni kwetu miaka yote, na hakuna aliyekiita uhandisi kwa sababu aliyekikalia hakuwa na miguu.

Nenda Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, ambako baiskeli za bodaboda zilianzia miaka ya 1960 zikivusha watu. Pale pale wapo wenye ulemavu wanaobeba mizigo ya wafanyabiashara kuvuka mpaka kwa baiskeli zao za mikono. Nenda Goma, kwenye mpaka mdogo wa kwenda Gisenyi, utawakuta pia. Goma huo huo ndio mji wa chukudu, ile skuta ya mbao inayoshusha makaa na viazi kutoka milimani, na wenyewe wameijengea sanamu ya rangi ya dhahabu. Chukudu imepata sanamu. Baiskeli ya mikono imepata nini?

Turudi kwenye hesabu. Chukulia mtu, baiskeli yake na mzigo nyuma, jumla kilo 200. Mzigo na mwenyewe wote wako juu ya magurudumu mawili ya nyuma, kwa hiyo mbele panabaki labda sehemu moja ya tano, kilo 40. Barabara ni ya vumbi na mshiko ni asilimia 40, yaani ana kilo 16 za kuvutia. Mwinuko mdogo tu wa asilimia 5 unataka kilo 10, na ulaini wa barabara unakula nyingine 4 au 5. Amebakiwa na kilo moja au mbili! Na mikono nayo, kama miguu, haisukumi sawasawa. Hapo lazima awepo kijana wa kusukuma nyuma, na kijana huyo analipwa. Kila tuta lina bei yake. Mzigo ukizidi, mbele panazidi kuwa pepesi, na yule anayetaka kupata zaidi ndiye anayeteleza zaidi.

Tatizo hili halihitaji maabara ya mamilioni. Sogeza sehemu ya mzigo mbele, kila upande wa foko, kama mifuko ya punda. Au sogeza kiti sentimita 20 mbele. Au weka haba yenye gia tatu ili mikono izungushe haraka na kwa ulaini badala ya kushtua gurudumu kwa nguvu. Kipi kinafaa zaidi, kipi kitavunja foko baada ya mwezi, kipi fundi wa Busia anaweza kukirudia kwa chuma alicho nacho, haya ndiyo maswali. Na sisi tumo humu, wenye kalamu, programu za kuchorea na mashine za kupimia mpasuko wa chuma, tunaandika tasnifu za mabomba ya mafuta ambayo hatutayagusa tukirudi nyumbani. Mimi mwenyewe tasnifu yangu ni ya mabomba. Siidharau. Inanilipia chakula.

Sasa nirudi kwa wale wanaosema naaibisha. Jamani, aibu yenyewe ni ya nini? Muscat hii, ukiondoa wale wanaopanda kwa mazoezi wakiwa na nguo za kubana, wanaopanda baiskeli kwenda kazini ni vibarua kutoka Bangladesh, India na Pakistan. Wanatembea pembeni ya barabara jioni, bila taa, na mfuko wa mboga kwenye usukani. Ninachosikia ndani ya maneno ya ndugu yangu aliyenivuta pembeni ni kwamba tusije tukafananishwa na wale. Hilo ndilo linaloniuma mimi, si kuchekwa. Baba zetu wamesomeshana kwa Phoenix na Black Mamba. Mahindi, wagonjwa, maharusi, vyote vimepita kwenye karia. Leo tukivuka bahari mara moja tu, baiskeli inakuwa najisi, na kijana wa mwaka wa pili anakopa ili anunue gari kuukuu linalomla petroli na faini huku basi jekundu la Mwasalat linapita.

Hoja moja tu nimeiheshimu, nayo ni ya dada mmoja wa udaktari. Yeye hakusema aibu, alisema hatari. Alisema barabara kuu magari yanaruka kilomita 120 kwa saa, na wewe umekaa chini, dereva wa gari kubwa hakuoni, na ukivunjika hapa nani atakuuguza, mama yako yuko Shinyanga. Maneno ya haki hayo. Ndiyo maana barabara kuu siigusi hata kwa dawa. Napita za ndani na ile ya ufukweni. Magurudumu yangu ni makubwa, ya inchi 26, kwa hiyo macho yangu yako karibu usawa wa macho ya dereva wa gari dogo, si kama zile za kulala chini kabisa. Nyuma nimesimamisha fimbo yenye kibendera cha rangi ya chungwa, na taa mbili. Nikifunga breki kwa ghafla sirushwi juu ya usukani kichwa mbele, kwa sababu nimekaa chini na nyuma, jambo ambalo mwenye baiskeli ya kawaida hawezi kujisifia. Lakini dereva anayetazama simu hatamwona hata ngamia, na hilo sina jibu lake. Dada alisikiliza, akasema bado hajaridhika. Sawa. Angalau yeye alikuja akaipanda kwanza, mita 40, akaishia kwenye ua wa mihogali akicheka.

Basi, maombi yangu kwa kamati. Kila mwaka jumuiya inatenga fedha ya wiki ya utamaduni, na kila mwaka tunapika pilau, tunavaa khanga na kupiga ngoma mpaka jasho litutoke. Mazuri hayo, yaendelee. Lakini mwaka huu naomba rial 60 na kona moja ya ule ukumbi. Tuunde baiskeli moja ya mikono, ya magurudumu matatu, kiti kimesogezwa mbele na gia tatu, tuiwekee mzigo wa kilo 80 za mchele, tuipandishe mteremko wa nyuma ya maktaba huku watu wanaona. Tupime. Tukishindwa tuandike kwa nini, na tukifaulu, michoro iende kwa mafundi wa nyumbani bure, vipimo vyote kwa milimita, maelezo kwa Kiswahili. Mjerumani Jürgen Mages alifanya hivyo na baiskeli yake ya Python, akaitoa kwa watu waijenge wenyewe. Sisi kipi kinatuzuia?

Baiskeli tatu mbovu nimeshazipata, ziko stoo nyuma ya bweni. Nahitaji mtu mmoja anayejua kulehemu chuma chembamba bila kukitoboa, mmoja wa umeme atakayetengeneza kipimo cha nguvu kwenye krenki, na mmoja asiye mhandisi kabisa, atakayekaa kwenye kiti na kutuambia panapomuuma. Mimi napatikana Ijumaa alfajiri, kabla jua halijapanda. Mje na futi kamba, yangu imechukuliwa.